Kabla hujakata fremu ya pikipiki huku Nyanda za Juu, pita hapa kwanza

Fremu Nyekundu:

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Wiki iliyopita kijana mmoja alinifuata pale ninapofanyia kazi, Soweto hapa Mbeya, na Boxer 150 yake bado inang'aa. Akatoa simu, akanionyesha picha. "Kaka, nataka yangu iwe hivi." Choppa ya Marekani: foku, ile miguu miwili inayoshika tairi la mbele, ndefu kama ngazi ya kuchumia maparachichi, tairi la nyuma pana kama la Noah, siti imelala karibu iguse lami, madigadi hakuna. Nikamuuliza anakaa wapi. Itezi. Nikamuuliza, ule mteremko wa kwenu mvua ya Machi ikiukuta unakuwaje? Akacheka, akairudisha simu mfukoni, na mimi hela yake sikuichukua. Ila tangu siku hiyo nimekuwa nikibishana naye kichwani peke yangu, ndiyo maana nimekuja kuyamwaga hapa.

Nijieleze kwanza. Kazi inayonilisha ni kuchomelea mageti na madirisha. Pikipiki ni ugonjwa wangu wa jioni na Jumapili. Mpaka leo nimezifumua na kuzijenga upya nne: mbili najivunia, moja niliuza kwa aibu, moja iko nyuma ya nyumba, kuku wanalalia. Na nikisema kastomu simaanishi ile ya forodha pale Tunduma. Namaanisha kuchukua pikipiki ya dukani na kuifanya yako.

Msimamo wangu ni kwamba pikipiki ya namna hiyo inaanzia kwenye barabara unayopita kila siku, na kwenye mgongo wako wewe utakayeikalia. Picha ya kwenye simu ije baadaye sana.

Hata hao tunaowaiga hawakuanza na urembo. Vita vya Pili vilipoisha mwaka 1945, vijana wa Marekani waliotoka jeshini walikuwa na pikipiki nzito, Harley na Indian, wakaziona zinasinzia. Wakatupa madigadi ya mbele, ya nyuma wakaikata ikabaki kipande, wakang'oa kila kisichoisaidia injini. Walitaka zikimbie, basi. Huo mkia mfupi tunaouita boba ulizaliwa kwa kutupa vyuma. Waingereza nao, miaka ya 1950 na 1960, wale vijana waliokuwa wakikusanyika Ace Cafe pale London, walishusha usukani na kurudisha pedeli nyuma ili walale juu ya tenki wakwepe upepo, maana ndoto yao ilikuwa maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160. Norton walikuwa na fremu iliyotulia barabarani, ile waliyoiita Featherbed, ya mwaka 1950. Triumph walikuwa na injini ya silinda mbili yenye mwendo. Vijana wakaziozesha. Mtoto akaitwa Triton. Ukimtazama Triton hadi leo anapendeza, lakini kila kipande kilikuja pale kwa kazi.

Foku ndefu nayo ina kwao. Kule California kuna barabara pana zilizonyooka mpaka zinachosha macho. Sasa ichukue uilete Kitonga, kwenye zile kona ambazo lori linalopanda linakula na upande wako.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo wengi wanapoumia. Chukua kamba, iweke sambamba na kile chuma ambacho usukani unazungukia kwenye kichwa cha fremu, uishushe kwa mstari huohuo hadi ardhini. Weka alama. Kisha weka alama ya pili pale tairi la mbele linapokanyaga, chini kabisa ya ekseli. Ya pili itakuwa nyuma ya ya kwanza. Umbali kati ya hizo alama mbili mimi nauita mkia, kwa sababu tairi linaufuata ule mstari kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Huo mkia ndio unaoinyoosha pikipiki yenyewe ukiachia mikono.

Piga hesabu. Kutoka katikati ya ekseli hadi chini milimita 300, foku imelala nyuzi 26 kutoka wima, ekseli imetangulia mstari wa usukani kwa milimita 35. Mkia unakuwa kama milimita 107. Sasa ilaze foku nyuzi 36, mengine yote usiyaguse. Mkia unaruka hadi karibu milimita 175. Kwenye lami ndefu ya Igawa utafurahi, inakwenda kama treni. Ingia nayo Mwanjelwa saa kumi na moja jioni, katikati ya bajaji na mikokoteni ya nyanya: ukigeuza kidogo tu usukani unataka kuangukia upande ule, unaurudisha kwa nguvu, unaangukia upande wa pili. Baada ya nusu saa mabega yanakuuma kama umelima.

Ujinga wangu mwenyewe nao niuseme, msije mkadhani nahubiri tu. Pikipiki yangu ya pili ilikuwa ya Kichina, injini ya ukoo wa Honda CG125, nikaifanya kafe resa, yaani mtindo wa wale vijana wa Ace Cafe. Usukani mfupi wa kubana kwenye foku, siti ya mtu mmoja, na lile boksi la chujio la hewa nikalitupa nikaweka chujio la koni, kwa sababu pembetatu iliyobaki wazi chini ya siti inapendeza kuliko kitu chochote duniani. Hapa Mbeya ikawa inakwenda vizuri tu. Nikajisifu wee.

Siku nikaipeleka Kyela. Uyole, Kiwira, Tukuyu, bado safi. Tumeanza kuteremka kutoka Tukuyu, migomba inapungua, joto linapanda, nikaanza kusikia bomba linapiga pa! pa! kila nikiachia resi. Nikifungua resi ghafla, injini inanyamaza kidogo kama mtu anayekumbuka kitu, ndipo inavuta. Nilipofika kwenye mashamba ya mpunga nikasimama chini ya mwembe. Bomba la moshi pale linapotokea kwenye silinda lilikuwa limegeuka bluu. Nikafungua plagi, nikaifuta kwa shati: nyeupe kama chokaa, hata tone la weusi hakuna.

Mnaojua mmeshajua. Mbeya mjini tuko meta 1,700 hivi juu ya bahari, hewa yetu imepungua mgandamizo karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Kabureta lile lilitoka kiwandani limepangwa kwa hewa nzito, kwa hiyo huku juu linamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo inavyotaka. Mimi nilipoweka chujio la wazi niliongeza hewa, vikakutana, nikadhani nimepata akili. Kyela iko kama meta 500 tu. Hewa ikawa nzito, chujio liko wazi, jeti, kile kitundu kinachopima petroli, ni ileile, petroli haitoshi, injini inajikaanga. Nilirudi nimevuta choki nusu hadi Tukuyu, mwendo wa maiti. Wiki iliyofuata nikaenda kuliokota lile boksi kwenye vyuma chakavu, nikalipaka rangi nyeusi, nikalirudisha. Ile pembetatu yangu nzuri ikafa.

Tena hiyo injini ya CG ina somo lake. Honda walipoitoa mwaka 1976 walikuwa na injini nyingine za 125 zenye kemu, kile chuma kinachofungua valvu, juu ya silinda, za kisasa kuliko hiyo. Lakini waliona wateja wa nchi kama zetu hawabadilishi oili, wanapakia kupita kiasi, na injini za kemu juu zinakufa. Wakarudi kwenye fimbo za kusukuma valvu, mtindo wa zamani, unaovumilia shida. Waliangalia kwanza mtu anavyoitesa, ndipo wakachora. Leo pikipiki nyingi za Kichina unazoziona zinatembelea wazo hilo.

Kwa hiyo ukiniuliza kastomu bora niliyowahi kuona kusini hii, sitakutajia yangu. Niliiona Isyonje, kwa dereva anayebeba viazi. Keria ya nondo imechomelewa ikapita pembeni hadi chini karibu na ekseli, ili gunia likae chini na pikipiki isinyanyue mdomo mlimani. Shokapu nne nyuma badala ya mbili. Spoketi ya mbele kapunguza jino moja ili ivute mlimani, toka 14 kwenda 13, na kwenye pikipiki ya meno 42 nyuma hiyo ni sawa na kuongeza matatu kule. Kwenye usukani kashona mifuko miwili ya turubai, ndani kaweka vipande vya blanketi, mikono inaingia humo Juni na Julai umande ukiwa barafu. Nilimwambia kaka hii ni kastomu ya hali ya juu. Akaniangalia kama nataka kumkopa.

Kuhusu sura nina maoni yangu na sitaki ugomvi. Mstari wa chini ya tenki na mstari wa chini ya siti viwe kitu kimoja, jicho lisiruke ngazi. Mkia wa siti usipite mbali na ekseli ya nyuma. Rangi mbili zinatosha, na moja kati yake iwe tulivu. Taa za bluu chini ya injini sizipendi, zinanikumbusha friji ya soda. Halafu tairi pana la gari kwenye pikipiki ya 150, jamani, mnaadhibu injini bure, na kwenye kona tairi bapa halitaki kulala.

Nawasilisha. Picha naweka kesho, simu yangu imejaa.

Mnyalukolo wa Ipogolo:

Kamwene mkuu. Nimesoma yote, ila hapo kwenye taa nakupinga.

Mimi ni bodaboda Iringa mjini, mwaka wa saba huu. Wewe unaongea kama mtu ambaye pikipiki haimlishi. Mwanafunzi wa Mkwawa akitoka getini saa mbili usiku anakuta tumepanga kumi na mbili. Ananichagua mimi kwa nini? Yangu inaonekana. Kava la siti jekundu lina nyuzi pembeni, sponji nimeongeza, taa zinawaka chini, anajua huyu jamaa anaitunza chombo yake. Breki zangu haoni. Mkia wako wa milimita 107 haoni. Anaona usafi. Urembo na wenyewe ni kazi, mkuu. Kama Triton alivyokimbia, yangu inaita.

Lingine, kule kwenu mna Mwanjelwa tambarare. Njoo upandishe abiria wawili toka Ipogolo hadi mjini ndiyo tuongee spoketi.

Fremu Nyekundu:

Umenipiga mahali pake mkuu. Hilo la abiria kuchagua sikuliwaza, na kwa mantiki yangu mwenyewe nimekwama: barabara yako ni lile geti la chuo saa mbili usiku. Taa weka. Ila zichukulie waya kupitia fyuzi yake, usiibe moja kwa moja kwenye waya wa taa kubwa. Nimeshaona mbili zimeungua waya zote hadi chini ya tenki.

Abiria wawili lakini? Hilo tuliache, trafiki nao wanasoma humu.

Lami ya Dar:

Hivi hayo yote ya nini? Hela ya kukata na kuchomelea na rangi si unaongeza kidogo unanunua mpya? Nyie watu wa baridi mna muda.

Fremu Nyekundu:

Mpya wanazo wote.

Mvua Haiishi:

Ugonile bhakamu. Niko Tukuyu. Huku kuna miezi jua tunalisikia redioni. Nataka niongeze kwenye madigadi maana mleta mada kapita juujuu.

Nilikata madigadi ya nyuma kama boba. Siku ya kwanza ya mvua nilipofika nyumbani mke wangu aliuliza nimeanguka wapi. Mstari wa matope ulianzia kiunoni ukaishia kisogoni, umenyooka kama umepigwa rula. Hiyo ndogo. Maji yaliyokuwa yanarushwa na tairi yalikuwa yanaingia kwenye soketi ya waya chini ya siti, na pikipiki ikawa inazima kila nikivuka dimbwi. Nilihangaika na plagi, nikabadilisha koili, fundi akanila hela, kumbe ni soketi imeota kutu ya kijani. Sasa nimerudisha madigadi ndefu na nimeongeza kipande cha mpira wa tairi la gari chini, kinaning'inia kama sikio la tembo. Sura imeharibika, nakiri. Ila nafika kazini nikiwa mtu.

Na ule utepe wa kuzungushia bomba la moshi unaoonekana kwenye picha za kafe resa, huku msithubutu. Unanyonya maji kama sponji, bomba linakaa limelowa, kutu inalila kwa ndani huku nje unaona pazuri. Langu lilikatika kama biskuti kabla ya mwaka.

Babu wa AG:

Vijana hamjambo. Nimeonyeshwa huu uzi na mjukuu.

Mimi nilikuwa bwana shamba miaka ya themanini, nikizunguka vijiji vya Makete na Njombe kwa Yamaha AG100 ya idara. Kijana wa Soweto anaongea kweli kuhusu kuanza na barabara, ila mnatafuta mbali. Ile pikipiki walitengeneza wakiwa wanamfikiria mtu wa shamba tangu mwanzo. Ilikuwa na keria mbele na nyuma. Stendi za pembeni zilikuwa mbili, kushoto na kulia, maana kwenye mteremko wa shamba la mtu huwezi kuchagua upande wa kuegesha. Klachi unaweza kuibana ikakaa imeshikwa ili ushuke ufungue geti la ng'ombe bila kutoa gia. Na cheni yote ilikuwa imefunikwa ndani ya boksi, matope hayaioni. Cheni moja niliendesha miaka na miaka.

Swali langu kwenu mafundi wa leo. Mnaongeza taa, mnaongeza muziki, mnakata madigadi. Kwa nini hakuna hata mmoja anayefunika cheni?

Fremu Nyekundu:

Shikamoo mzee. Swali lako limenikosesha usingizi, sitanii.

Kweli cheni za bodaboda huku zinaliwa na mchanga kama karanga, na wote tunaona kawaida tu. Tatizo ninaloliona ni kwamba tairi la nyuma linarudishwa nyuma kidogokidogo kila cheni ikilegea, kwa hiyo boksi lazima liwe na nafasi ya kusogea. Nafikiria vipande viwili vya bati la geji nyembamba, kimoja kinaingia ndani ya kingine kama droo, na mpira wa kuziba pale nyuma kwenye spoketi. Nitajaribu kwenye ile ya kuku. Ikikubali nitaleta majibu humu, ikikataa pia.

Babu wa AG:

Marahaba. Usisahau tundu la kuongezea oili, na kizibo chake. Yetu ilikuwa nalo.

Dada wa Lupembe:

Samahani wakuu, nami niulize. Mimi ni mfupi, sijifichi. Nina TVS ya kazi, nazunguka mashamba ya parachichi huku Njombe, na kila nikisimama kwenye udongo mwekundu ulioloa mguu mmoja tu ndio unafika, tena kwa vidole. Fundi mmoja kaniambia anikatie shokapu za nyuma ishuke. Nikubali?

Fremu Nyekundu:

Dada yangu, usikubali. Ukishusha nyuma peke yake, pikipiki nzima inainama kwa nyuma, foku inalala zaidi na ule mkia unaongezeka, usukani unakuwa mzito na mwepesi kuangukia. Pia tumbo la pikipiki linakaribia ardhi, na kwenye zile njia za mashambani zilizochimbwa na matrekta utakuwa unakwangua injini. Na stendi inakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa: ukiegesha inasimama wima, upepo kidogo inalala upande wa pili.

Anza na siti. Toa kava, utakuta sponji nene, na pale katikati ya mapaja yako ni pana bila sababu. Panapokukwaza ni ule upana zaidi ya urefu, miguu inatanuka kabla ya kushuka. Mwambie fundi siti apunguze pembeni mbele, halafu juu akate kama sentimita tatu tu, arudishie juu sponji ngumu ya godoro ili usikalie chuma. Akimaliza kaa juu yake ukiwa umevaa viatu vyako vya kazini, siyo vya kanisani. Ikibaki haba, ndiyo mnashusha mbele na nyuma kwa kipimo kilekile, na stendi inafupishwa.

Dada wa Lupembe:

Hilo la upana hakuna aliyewahi kuniambia. Asante sana kaka, naenda Makambako Ijumaa, kuna fundi siti pale stendi ya mabasi.

Rodi Namba Kumi:

Mkuu Fremu Nyekundu, hujagusa kukata fremu yenyewe na kichwa cha uzi umeandika kukata fremu. Au ndiyo ile uliyouza kwa aibu?

Fremu Nyekundu:

Hahaha. Ndiyo hiyohiyo. Sawa, niseme.

Nilikata fremu nyuma ya shokapu, nikakunja bomba jipya nusu duara ili mkia wa siti uwe mfupi. Mimi ni mtu wa mageti, mkono wangu umezoea chuma kinene, nikatumia rodi za kuchomelea za milimita 3.2 na moto wa geti. Bomba la pikipiki ni jembamba, nililiunguza pembeni ya mshono likabaki kama karatasi, nami nikaona mshono mnene nikadhani ndiyo uimara. Nikapiga puti, nikasugua msasa, nikapuliza rangi. Palikuwa laini kama shavu la mtoto.

Miezi mitatu baadaye natoka Mbalizi na mama watoto nyuma. Nikasikia tik. Mbele kidogo nikasikia madigadi inasugua tairi. Tukasimama, nikainama. Kwenye rangi palikuwa na mstari mmoja mwembamba kama unywele, wa kahawia, umezunguka nusu ya bomba, milimita mbili tu pembeni ya mshono wangu. Mshono wenyewe mzima kabisa. Nilipouminya kwa kidole ukafunguka na kufunga kama mdomo wa samaki. Mama watoto alimalizia safari kwa daladala na hakunisemesha hadi kesho yake.

Tangu hapo: ndani ya bomba naingiza kipande cha bomba dogo linalobana, kipite pande zote mbili za mkato, natoboa matundu kwenye bomba la nje ili nichomelee na pale, rodi 2.5, moto mdogo, nachomelea kidogo upande huu kidogo upande ule. Betri naitoa na CDI, kile kiboksi cha umeme wa plagi, naichomoa kabla sijagusa mashine. Puti sitii kwenye maungio, rangi tu, ili ikipasuka nione. Na kile kichwa cha fremu penye namba ya chesisi sipitishi grinda hata kwa bahati mbaya. Namba hiyo ndiyo iliyo kwenye kadi, ukiifuta pikipiki yako inageuka ya wizi mbele ya macho ya watu. Rangi na injini vilevile viko kwenye kadi, ukibadili nenda TRA wabadilishe, mambo ya kuelezana na askari barabarani kwamba "nilipaka tu juzi" yanachosha.

Mnyalukolo wa Ipogolo:

Yaani uliiuza ikiwa na ufa?

Fremu Nyekundu:

Hapana mkuu, niliirekebisha kwanza, na aliyenunua nilimwonyesha pale palipokuwa. Aibu ilikuwa bei.

Itezi Juu:

Wakuu, mimi ndiye yule wa picha. Jamaa yangu kanitumia huu uzi anacheka.

Kaka, kwanza sikukasirika. Nilikwenda kwa fundi mwingine, akasema inawezekana, laki sita, wiki moja. Nilipomuuliza foku inalala nyuzi ngapi akaniambia "inalala vizuri." Nikakumbuka ulivyoniuliza kuhusu mteremko nikaahirisha.

Sasa nieleweshe. Choppa nimeacha. Ila bado nataka mtu akiiona ajue ni yangu, siyo kama zile mia nyingine za kijiweni. Nina laki tatu. Mteremko wa kwetu unaujua. Nabeba abiria mchana, jioni nambeba mdogo wangu toka tuisheni. Inafanyikaje?

Fremu Nyekundu:

Kumbe uko humu.

Kwa laki tatu fremu haiguswi. Usukani tunabadilisha, mpana kidogo na wa juu kidogo, kwenye tope utaushukuru. Matairi ya vipande vikubwa, saizi ileile ya kiwandani. Siti tunaishona upya, kimo kimoja toka tenki hadi nyuma, mdogo wako akae bila kukuteremkia mgongoni. Madigadi ya mbele tunainyanyua isijaze tope, haikatwi. Keria nitakuchomelea mwenyewe, bomba la inchi moja, ifuate mstari wa siti, hiyo ndiyo itakayowafanya watu wageuke. Rangi chagua wewe, mbili tu. Ile nyekundu ya tenki ningekuwa mimi ningeiacha.

Njoo Jumamosi saa nne. Ioshe kwanza, hasa chini ya siti, na usijaze mafuta, tenki tutalitoa.